Daftari la Mdogo Wangu

Ni kaunta buku ya kwaya mbili, jalada jeusi, mgongo mwekundu, kona zimelika. Kurasa za mwanzo zina hesabu za maandazi: unga, sukari, mafuta, mkaa, faida. Kuanzia ukurasa wa tisa mambo yanabadilika. "Saruji mifuko 6, hela ya kikoba." "Tofali 150, nimetoa nusu, baba watoto nusu." "Nondo, nimekopa kwa dada, nitarudisha mwezi wa tatu." Huyo dada ni mimi, na mwezi wa tatu hakurudisha, wala sikumdai. Ila kuna mstari mmoja ulioandikwa kwa penseli pembeni mwa ukurasa ambao mpaka leo haujanitoka: "Maji ya fundi madumu 40, nimebeba mwenyewe." Mbele ya maneno hayo hakuna bei.

Daftari hilo ndilo lililokuwa kielelezo pekee cha mdogo wangu siku aliyosimama Mahakama ya Mwanzo, mwaka 2021, akidai talaka, sehemu yake kwenye nyumba ya Kitunda, na malezi ya watoto wake watatu. Hati ya mauziano ya kiwanja ina jina la mume peke yake na muhuri wa serikali ya mtaa. Risiti za saruji na mabati nazo zina jina la mume, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akienda dukani. Alipopewa nafasi ya kujibu, shemeji alisema: "Mheshimiwa, huyu alikuwa mama wa nyumbani tu. Maandazi yake yalikuwa ya kununulia vocha."

Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma. Lile neno "tu" lilinirudisha miaka arobaini.

Mama yetu aliachwa mwaka 1980. Tulikuwa tukiishi Shinyanga, baba akiwa karani wa ushirika, na nyumba yetu ilikuwa ya matofali ya kuchoma ambayo mama alishiriki kuyafyatua akiwa na mimba yangu. Hadithi hiyo bibi alipenda kuisimulia. Mimi nilikuwa na miaka minane, mdogo wangu wa kiume mitano, na huyu wa daftari alikuwa bado ananyonya. Wazee wa pande zote mbili walikaa kwa baba mkubwa siku mbili. Mengi waliyosema sikuyaelewa, lakini mawili niliyashika: nyumba ni ya aliyejenga, na watoto ni wa aliyetoa ng'ombe. Mama akaondoka na sanduku la bati, kanga zake, na mtoto wa mgongoni, kwa makubaliano kwamba akikua atarudishwa kwa baba. Sisi wawili tukabaki. Baba hakututesa, na ada alilipa. Lakini kwa miaka sita nilimwona mama wakati wa likizo, na kila nilipomwona ilinichukua siku mbili kuzoea tena kumwita mama.

Wazee wale hawakujitungia. Mwaka 1963 serikali ilikusanya mila za makabila yanayofuata ukoo wa baba na kuzitangaza kuwa sheria, kwa Tangazo la Serikali Na. 279. Humo watoto walihesabiwa kuwa wa baba. Kilichonichoma nilipokuja kusoma mambo haya nikiwa mtu mzima ni kwamba mwaka ule wa 1980 ilikuwapo tayari sheria nyingine, kubwa kuliko ile, na hakuna hata mmoja sebuleni kwa baba mkubwa aliyeitaja.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilitanguliwa na Waraka wa Serikali Na. 1 wa 1969, uliopelekwa kwa wananchi waujadili. Ilikuwa sheria ya kijasiri. Ndoa za Kiislamu, za Kikristo, za kimila na za serikali zote ziliwekwa chini ya paa moja, kwa Tanzania Bara. Kifungu cha 56 kinasema mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanaume ya kupata, kumiliki na kuuza mali. Kifungu cha 59 kinamkataza mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Na kifungu cha 114 kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali zilizopatikana wakati wa ndoa kwa juhudi za pamoja.

Hilo neno "juhudi za pamoja" ndilo lililozua mgogoro. Kwa zaidi ya miaka kumi majaji wa Mahakama Kuu hawakukubaliana. Wengine walisema kupika, kufua na kulea ni wajibu wa mke tu, haviwezi kuitwa mchango wa kupata nyumba au gari. Wengine wakasema, huyo mume angewezaje kwenda kazini bila mtu wa kumwandalia, kumtunza na kumlelea watoto? Mabishano hayo yalifikia mwisho mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilipotoa hukumu katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Jaji Mkuu Francis Nyalali ndiye aliyeandika hukumu hiyo. Akaeleza kwamba ustawi wa familia ni sehemu ya shughuli za uchumi za mwenye familia, kwa hiyo anayeutunza ustawi huo anachangia kupatikana kwa mali. Kazi za nyumbani ni mchango.

Niliposoma hukumu hiyo mara ya kwanza nililia. Baadaye nikasoma mwisho wake. Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu. Mahakama ilikubali kwamba kazi zake za nyumbani ni mchango, kisha ikaona kuwa fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya, hivyo hapakuwa na zaidi la kumpa. Jina lake linatajwa katika kila kesi ya mgawanyo wa mali tangu siku ile, wanawake wengi wamepata nyumba na mashamba kwa mgongo wake, na yeye aliondoka mahakamani kama mama yangu alivyoondoka kwa baba mkubwa. Jambo hilo huwa nalifikiria sana.

Basi, tuseme mlango ulifunguliwa mwaka 1983. Mdogo wangu aliingia kwa mlango huohuo miaka 38 baadaye akakuta mlango wa pili ndani yake, nao unaitwa ushahidi. Mahakama ya Rufani imerudia katika hukumu zake za karibuni kwamba kiasi cha mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi. Kisheria hilo halina ubaya. Hakimu hawezi kubahatisha. Lakini hebu tazama ushahidi wenyewe unavyozaliwa ndani ya ndoa. Mume analipwa mshahara benki, ana taarifa ya akaunti, ana mkataba wa kazi, jina lake liko kwenye hati ya kiwanja. Mke analipa ada ya chekechea kwa mkono, ananunua dawa ya mtoto, anapeleka chai kwa mafundi, anabeba maji. Nani aliwahi kupewa risiti ya kubeba maji? Na kifungu cha 60 kinaanza na dhana kwamba mali iliyoandikwa kwa jina la mmoja ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Mzigo wa kuthibitisha, kwa hiyo, kwa kawaida unamwangukia ambaye jina lake halikuandikwa.

Ndiyo maana lile daftari lilinigusa. Mdogo wangu hakuliandika kwa sababu alitarajia kuachika. Aliandika kwa sababu kwenye kikoba chao katibu ni mkali, kila shilingi lazima ionekane imekwenda wapi. Hakimu alilifungua taratibu, akapitia kurasa, akasimama kwenye ule ukurasa wa madumu 40. Akamwuliza: "Maji mlichota wapi?" Akajibu: "Kwa jirani mwenye kisima, mheshimiwa, kama mita mia tatu." Mmoja wa washauri wa mahakama, mama wa makamo, akatikisa kichwa na kuandika kitu. Mpaka leo naamini swali lile lilikuwa na uzito kuliko maelezo yote niliyokuwa nimemwandalia usiku uliotangulia.

Kabla ya hapo tulikuwa tumeshapita Baraza la Kata kwa usuluhishi, maana bila baraza la usuluhishi wa ndoa kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, shauri la talaka kwa kawaida halipokelewi. Huko sina la kusimulia. Walikuwa wapole, walijaribu mara mbili, wakaandika hati.

Sasa watoto.

Hapa sheria imebadilika zaidi, na imebadilika vizuri. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema jambo la kwanza la kuangaliwa ni ustawi wa mtoto. Matakwa ya wazazi yanafuata, matakwa ya mtoto mwenyewe kama umri wake unamwezesha kutoa maoni, na mila. Mtoto wa chini ya miaka saba huchukuliwa kwamba ni heri akae na mama yake, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, na sheria yenyewe inaonya kuhusu ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamishahamisha. Kisha ikaja Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Ilifuta ile sheria ya zamani ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa, iliyokuwa imemwekea mtoto kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi kutoka kwa baba yake. Shilingi mia, hata thamani ya pesa ilipoporomoka, miaka na miaka! Na kifungu chake cha 26 kina maneno ambayo ningependa kila mzazi ayajue: wazazi wakitengana au kuachana, mtoto ana haki ya matunzo na elimu ya kiwango kilekile alichokuwa nacho kabla hawajaachana, na ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi mwingine, mradi masomo yake yasivurugike.

Wakati ule wa mdogo wangu watoto walikuwa na miaka 11, 8 na 5. Hakimu alizungumza na yule mkubwa faraghani. Alipotoka nilimwuliza alisema nini, akanijibu: "Nimemwambia nataka kukaa walipo wadogo zangu." Kwa mtu aliyewahi kuachwa nyuma na mama kwa sababu ya ng'ombe, jibu lile lilitosha. Watoto wote watatu wakapewa mama yao, baba akapewa haki ya kuwachukua wikiendi na nusu ya likizo, na akaamriwa kutoa matunzo ya shilingi 100,000 kwa mwezi. Kwenye nyumba mdogo wangu akapewa asilimia 40. Tulitoka nje tukikumbatiana. Nilimpigia mama simu, nikamwambia, "Mama, safari hii wametusikia." Upande wa pili akanyamaza, kisha akaniambia niwapikie watoto pilau.

Miezi saba baadaye tulielewa tulichokisahau.

Amri ilikuwa nyumba ithaminishwe, na mume amlipe mke sehemu yake. Akishindwa, iuzwe wagawane. Shemeji ni dereva, pesa ya kumlipa hakuwa nayo, na sisemi kwamba alificha. Nyumba ikauzwa. Aliyeinunua aliijua hali yetu, akatoa bei ya mtu mwenye haraka. Asilimia 40 ya bei hiyo, ukitoa deni la kikoba na nauli za miezi ya kesi, ikatosha kununua kiwanja kisichojengwa huko Chanika. Mdogo wangu na watoto wakahamia vyumba viwili vya kupanga Mbagala. Shule ikabadilika katikati ya mwaka. Yule binti wa miaka minane, aliyekuwa akiongoza darasa, kwa muhula mzima aliendelea kuandika jina la shule ya zamani juu ya madaftari yake, mwalimu akawa anamkatia kwa kalamu nyekundu. Matunzo yalikuja miezi minne, kisha yakawa ya kuombea. Ili yaje inabidi urudi mahakamani kukazia hukumu, uache biashara siku nzima. Mwanamke anayeamka saa tisa usiku kukanda unga hana siku ya kuacha.

Hakimu hakukosea. Hilo nalisema kwa moyo mweupe. Aligawa mali kwa mchango uliothibitishwa, na watoto akawaweka anakoona ni salama. Tatizo ni kwamba mambo hayo mawili yalisikilizwa kama kesi mbili za watu tofauti. Asubuhi tulizungumza nyumba: nani alinunua, nani alitoa, asilimia ngapi. Mchana tukazungumza watoto: nani atawalea, nani atatoa pesa. Hakuna aliyeuliza, na aibu hii ni yangu pia kwa kuwa ndiye niliyejifanya mjuzi wa sheria katika familia: hao watoto watatu waliopewa mama, watalala wapi nyumba ikiuzwa?

Na jibu lilikuwa limo ndani ya sheria tangu 1971. Rudi kwenye kifungu cha 114, kifungu kidogo cha pili. Mahakama inapogawa mali inatakiwa kuangalia mila za jamii ya wanandoa, kiasi cha mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, na madeni waliyoyaingia kwa faida yao wote. Kisha kuna aya (d): mahitaji ya watoto, kama wapo. Baada ya yote hayo, inasema, ielekee kwenye mgawanyo sawa. Kila mtu anapigana kwenye aya (b), ya mchango. Aya (d) imekaa pale kama mgeni asiyekaribishwa chakula. Mdogo wangu angeweza kuomba nyumba isiuzwe mpaka mtoto wa mwisho amalize darasa la saba. Angeweza kuomba sehemu ya matunzo ihesabiwe kwenye nyumba, shemeji apunguziwe pesa ya kila mwezi na watoto wabaki na paa lao. Huenda angekataliwa. Lakini hatukuomba, na mahakama haiwezi kukupa usichokiomba.

Tunapozungumzia mabadiliko ya sheria huwa tunaangalia kwa majirani. Kenya waliendelea kutumia sheria ya Uingereza ya mwaka 1882 kuhusu mali za wanawake walioolewa mpaka walipopitisha Sheria yao ya Mali za Ndoa mwaka 2013, ambayo inataja waziwazi kwamba mchango ni pamoja na kazi za nyumbani, kulea watoto, kulima na kusimamia biashara ya familia. Wengi walidhani Katiba yao ya 2010, inayosema wanandoa wana haki sawa wakati wa ndoa na inapovunjika, ina maana ya nusu kwa nusu. Tarehe 27 Januari 2023 Mahakama yao ya Juu ikasema hapana, usawa huo haumpi mtu nusu moja kwa moja. Kila mmoja athibitishe alichochangia. Zanzibar, ambako Sheria ya Ndoa ya 1971 haifiki, Sheria ya Mahakama ya Kadhi ya 2017 imempa Kadhi uwezo wa kusikiliza madai ya mchango katika mali za ndoa, na hiyo ni hatua kubwa kwa wanawake waliokuwa wakiambulia eda na begi.

Kwa hiyo kote tunarudi kwenye kuthibitisha. Mimi ningetaka tuanzie upande wa pili. Watu wakishaishi pamoja, wakazaa na kujenga, sheria ianze na nusu kwa nusu, na anayetaka zaidi ya nusu ndiye alete ushahidi. Risiti ziko kwake, azilete yeye. Najua hoja ya kupinga: kuna waume na wake wavivu, kuna wanaoolewa leo na kuvunja ndoa keshokutwa wakisubiri nusu. Wapo. Hakimu anao uwezo wa kuwatambua. Lakini huwezi kutunga kanuni ya wote kwa kumwogopa mjanja mmoja, ukawaacha wabeba maji wote watafute bei ya dumu.

Tangu kesi ile watu wa mtaani kwetu wamezoea kuja kuniuliza. Mimi si wakili, nawaambia hivyo kila mara, na wenye kesi nzito nawaelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja, karatasi zake zote ziko kwenye mfuko wa rambo. Ameishi na mwanaume miaka tisa, hawajafunga ndoa, na mwanaume anataka kuuza nyumba. Alianza kwa kuniomba radhi: "Dada, mimi sina haki, sisi tulikuwa tunaishi tu." Nikamweleza kifungu cha 160, kwamba watu wakiishi pamoja miaka miwili na zaidi na jamii ikawatambua kama mke na mume, sheria inawadhania kuwa wameoana, mpaka ithibitike vinginevyo. Hata dhana hiyo ikivunjwa, bado anaweza kuomba matunzo na malezi ya watoto. Alinitazama kama nimemwongopea.

Akaanza kutoa karatasi mezani: hati ya mauziano, picha ya msingi, risiti ya mabati iliyofutika maandishi. Nikamwambia aziweke pembeni kwanza. Nikamwuliza watoto wangapi, wana umri gani, wanalala chumba kipi, shule iko wapi, na yule mwenye pumu kliniki yake iko umbali gani kutoka hapo nyumbani.

"Hayo nayo yanahusu nyumba?" akauliza.

Nikamfungulia aya (d), nikamsomea mara mbili. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniomba kalamu, akageuza ile risiti ya mabati iliyofutika na kuandika nyuma yake: "Watoto wanne. Shule dakika kumi kwa miguu."